Namba ya Akiba

...na hiyo namba ya akiba ni ya nani, hiyo ambayo mumewe kaipa jina Bi mkubwa kwenye akaunti yake, nyota nane tupu na namba yenyewe haionekani, Taghreed kaikodolea macho na huku nje ya kioo cha dawati la kompyuta la chuo mumewe Sinan kasimama na simu mpya mkononi, nyuma yake foleni ya wanafunzi, "Bado tu, Taghreed?", bado, subiri, utaratibu ni ule ule hata kwa mwalimu wa jiolojia, simu ya zamani itolewe kwenye akaunti, mpya iingizwe, namba ya akiba, ya kurejeshea akaunti simu ikipotea, ihakikiwe, na aliyeutunga utaratibu huo ni yeye mwenyewe... lakini Bi mkubwa nani, kwao Sinan, Bujumbura, bi mkubwa ni mama mzazi, ila mama mtu ana simu ya vibonye na hata ujumbe hajui kuufungua, basi nani, na kichwa kishamfikisha kwa Rawan, mwalimu mpya wa idara yao, ambaye wiki iliyopita fomu yake ya akaunti Sinan kaileta mwenyewe mkononi, toka lini dakta wa chuo akabeba fomu ya mtu, "Mfungulie haraka, masikini, hajui mtu hapa", masikini! na kicheko chake kile kinachosikika mpaka ngazini, na Taghreed kamfungulia, kwa vidole vyake hivi hivi, kampa jina la kuingilia, kampa nywila ya kuanzia, na karibu sana juu yake, loo, wivu unamla, anaujua, wala haoni haya, na hapa mbele yake pana kitufe kimoja tu, akibonyeza nyota zinaondoka, ila kila mbonyezo unaandikwa, jina lake na saa yake, mkuu wake Bwana Asaad husoma orodha kila Alkhamisi na atauliza, ulitaka nini kwenye namba ya mumeo, ajira ya miaka kumi na moja iende kwa nyota nane, haya, na iende... kabonyeza.

Yake. Namba yake mwenyewe Taghreed, tokea ya kwanza mpaka ya nane, yarabi, kacheka peke yake mpaka mwanafunzi mmoja kamtazama, kumbe bi mkubwa ndiye yeye, mume wa watu kamtania tu na yeye keshamfungulia mashitaka, aibu gani hii, jioni atampikia biriani ya samaki aipendayo... na chini ya namba, kwa herufi ndogo, jina limebadilishwa Jumapili, jina la awali: Taghreed. Jumapili hii. Mbona kalibadilisha, miaka tisa kamwita Taghreed, akikasirika Taghreed, akitaka chai Taghreed, na mama yake Taghreed naye, baba akimwita Khawla, Khawla tu, mpaka Ijumaa ile mezani, nyumba yao ya mtaa wa Al Khuwair, baba kasema, "Muulizeni bi mkubwa", wao watoto wakacheka, wakidhani baba anamtukuza, mama kaweka kijiko chini na hakula tena, na haukupita mwezi wakajua kuna nyumba nyengine mtaa wa Ruwi na mke wa pili yumo ndani, kwa sababu kwao wao watu wa Unguja mke mmoja haitwi bi mkubwa, anaitwa hivyo akishaletewa mdogo, na Sinan keshakaa nao miaka tisa, neno hilo analijua, au halijui, au ni utani, au kwao Bujumbura... "Taghreed, nna darasa mie, tayari?", "Bado", sauti yake imemshangaza kwa utulivu, na Sinan kamtabasamia nje ya kioo, tabasamu lile lile, zuri, na Rawan katoka kichwani kabisa, hana wivu naye hata chembe, anayemuonea wivu sasa ni mama yake mzazi, unamchoma mpaka machozi yanamlenga, mama ambaye mumewe alimwita Khawla miaka ishirini na miwili, si tisa.