Ukurasa wa Arobaini na Moja

Wanafunzi walimpachika jina Kalamu Nyekundu, naye hakulichukia. Miaka kumi na saba ya kusimamia tasnifu, mtu unaitwa mengi. Lakini tangu yule binti wa mwaka wa tatu ajiue, wiki mbili zilizopita, kalamu ilikuwa imelala kwenye droo na rasimu za wanafunzi wenzake zimerundikana mezani bila kuguswa.

Rasimu ya binti ilikuwa juu kabisa. Mama yake alikuwa njiani kuja kuichukua. Na pale ukurasa wa arobaini na moja, wino mwekundu ulisema: "Hapa hujafikiri. Rudia sura yote."

"Ung'oe," alisema mwenzake wa meza ya pili, mwalimu wa takwimu, akikoroga chai iliyokwisha poa. "Kurasa themanini, nani atahesabu?"

"Si wewe ndiye wa kuhesabu?"

"Mimi hata vidole vyangu nimechoka kuvihesabu. Jana nimeita majina darasani, nikaita na lake. Ung'oe, dada, mama wa watu apate usingizi."

Kalamu Nyekundu akaushika ukurasa kwenye ncha. Alikuwa bado ameushika mama alipoingia bila kubisha, mkoba kwapani, viatu vimejaa vumbi.

"Wewe ndiye Kalamu Nyekundu?"

"Ndiye mimi, mama. Pole sana kwa... kwa yaliyotokea."

"Mwanangu amejiua. Lisemeni. Kila ofisi niliyoingia leo wananizungusha, utadhani sijui niliyemzika."

Mwalimu wa takwimu akachukua kikombe chake, akatoka kimya kimya.

Kalamu Nyekundu akauachia ule ukurasa, akampa mama rasimu nzima. Mama akaketi kwenye kiti cha yule aliyetoka, akafunua kurasa mojamoja. Kwenye wino mwekundu akasimama.

"Niliandika siku nne kabla," mwalimu akasema, hakungoja kuulizwa. "Kila siku najiuliza."

"Na mimi asubuhi ile nilimgombeza kwenye simu, eti hapigi mpaka apigiwe." Mama akajifuta uso kwa kiganja. "Tukianza hivyo hatutoki humu. Ulizisoma zote?"

"Zote, mama. Mara mbili."

"Mimi hakunionyesha hata moja."

Mlango ukagongwa. Kijana mrefu akachungulia. "Samahani, mwalimu. Rasimu yangu... ni wiki ya tatu sasa."

Mwalimu akafungua mdomo amwambie arudi kesho.

"Msomee," mama akasema. "Mimi miguu imekufa ganzi, napumzika kidogo."

Mwalimu akaivuta rasimu ya kijana kutoka kwenye rundo. Kurasa tano tu zilitosha. Mkono ukaenda kwenye droo, ukaishia kwenye kishikio.

"Mbaya?" mama akauliza.

"Mbaya, mama."

"Basi mwambie, usimdanganye. Ila mdomo unao. Mwambie huku anakuona usoni."

Kiti cha wageni kilikuwa kimebeba mafaili tangu muhula uanze. Wanafunzi wote walisimama, binti naye alisimama. Mwalimu akainuka, mgongo ukilalamika, akayashusha mafaili sakafuni mafungu mawili.

"Kaa," akamwambia kijana. "Kazi ipo. Lakini kwanza niambie, unalala?"

Kijana akakaa, akatazama viatu vyake. "Si sana, mwalimu."

Mama akaushusha mkoba sakafuni. Hakuwa na haraka tena.