Kumpima Mkwe

Mtu mwingine aliyesomea habari za tiba huku miwani ya kuchomelea ikimning'inia shingoni bado hajasikika Dodoma nzima. Sostenes, fundi wa mageti na madirisha pale Kizota, alifanya hivyo mwaka mzima bila haya wala soni. Mkufunzi akiingia hewani, yeye alizima mashine, akajipenyeza nyuma ya karakana, akakalia kiti cha gari bovu na kufungua simu. Wanafunzi wenzake waliotapakaa mikoani hawakumjua kwa sura. Walimjua kwa kelele za grenda, mashine ya kukatia vyuma ya jirani yake wa karakana, na kila somo lilianza kwa mtu kupiga ukunga, "Wa grenda, zima maiki!"

Kozi yenyewe ilikuwa ya usaidizi wa tabibu: kupokea wagonjwa, kuwapima joto, uzito na presha, kuandaa vyombo, kumsaidia tabibu pale anapohitaji mkono wa pili. Nadharia walisomea kwenye simu, vitendo kila mmoja alikwenda kujifunzia kwenye zahanati ya karibu naye. Watu walimcheka. Fundi chuma ana mvi kidevuni, eti leo anataka kuvaa koti jeupe! Naye alicheka nao, maana alikuwa na raha ambayo hawakuijua. Tangu ujana wake alipenda kazi hiyo, lakini kwao ada ilitosha mtoto mmoja tu, na hakuwa yeye. Sasa chuo kimemfuata mwenyewe mpaka kwenye kiti cha gari bovu, aache kusoma kwa sababu ya vicheko?

Mtihani mmoja tu ulikuwa umebaki, nao ndio uliomnyima usingizi. Alitakiwa kumpima mtu presha mbele ya kamera, mkufunzi akiangalia kila hatua. Mara ya kwanza alianguka kizembe kabisa: kwa kiherehere alimfunga mgonjwa mkanda juu ya mkono wa sweta. Chuo kilimpa nafasi ya pili na ya mwisho. Akianguka tena, anarudia mwaka, na zahanati iliyokuwa imemwekea nafasi ya kazi haitamsubiri mtu mwaka mzima.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili asubuhi. Mgonjwa wake wa kujitolea alikuwa Mudrick, jirani yao, fundi wa malori, mtu mnene mpole aliyekwisha kufanyishwa mazoezi hadi mkono wake ukazoea kufungwa mkanda. Saa ya mtihani ilipokaribia, Mudrick akapita mlangoni amepakiwa kwenye bodaboda, mfuko wa spana magotini.

"Nisamehe jirani," alisema. "Lori limelala njiani Mpwapwa, tajiri kanipigia mwenyewe. Tumbo haliombi ruhusa."

Sostenes alitoka mbio mtaani. Milango ilikuwa imefungwa, watu wote wako ibadani. Aliyepatikana ni mlevi mmoja nje ya kilabu cha pombe, na huyo hata kukaa wima hakuweza. Akarudi nyumbani amelowa jasho, akajibwaga kwenye kochi. Penina, mkewe, alikuwa ananyonyesha kichanga chao. Yeye hakuweza kuwa mgonjwa, maana sheria ya chuo ilikataza mtu kumpima mumewe au mkewe.

"Yupo mama," Penina alisema.

"Mama yupi?"

"Una mama wangapi humu ndani? Mama yangu."

Sostenes alimtazama kama mtu aliyeambiwa akatembee uchi sokoni Majengo.

Wageni waliokuja Dodoma na ofisi zao huyacheka mambo haya, waache wacheke. Katika ukoo wa Sostenes na ukoo wa Penina, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawali chombo kimoja, hawatajani majina, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa katikati. Bibi Ruthu alikuwa amekuja kutoka Haneti kumwangalia mzazi, akapewa chumba cha uani. Tangu afike, Sostenes alikuwa akienda bafuni kwa kukohoa njia nzima, ili mama wa watu apate muda wa kujitupia kanga usoni na kugeukia ukuta. Wala hakuona ni mzigo. Alijivunia. Kule Haneti wazee walimtaja yeye wakitaka kuwaonyesha vijana mkwe anavyopaswa kuwa.

"Siwezi," alisema.

Penina hakubishana naye. Aliondoka na mtoto wake, akanong'ona na mama yake huko uani, akarudi anacheka. "Mama anasema mkono si uso. Akae nyuma ya pazia, atoe mkono, uupime, uende zako."

Wazo lilikuwa la ajabu, lakini aliyefikwa na maji ya shingo hachagui. Bibi Ruthu aliingizwa kwa mlango wa nyuma, akakalishwa kwenye kiti cha chumbani. Sebuleni palibaki Sostenes, meza, simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, na mkono mmoja mwembamba wenye bangili ya shaba uliochomoza katikati ya pazia la maua.

Simu ikaita. Madamu Dorothea, mkufunzi, alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Bukoba, mwenye sauti tulivu ambayo wanafunzi waliiogopa kuliko kelele.

"Habari za asubuhi, Sostenes. Anza."

Sostenes alinawa mikono vizuri, akaikausha, akausogelea ule mkono.

"Shikamoo mama."

Sauti ya Penina ikatoka nyuma ya pazia, alikokaa na mama yake: "Mama anasema marahaba."

"Naitwa Sostenes, ni mwanafunzi wa usaidizi wa tabibu."

"Mama anasema anakujua."

"Nitampima presha. Kwanza naomba jina lake kamili."

Nyuma ya pazia pakasikika mnong'ono mrefu. "Mama anauliza, ina maana hulijui?"

Sostenes alilijua, ila ulimi wake haukuwahi kulitamka. Akaukunjua mkanda, akaukunja tena.

"Sostenes," Madamu Dorothea aliita. "Mgonjwa wako ni kiziwi?"

"Hapana, madamu. Ni mkwe."

Ikabidi aeleze. Alieleza kwa kigugumizi, na mkufunzi alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo Sostenes alilishukuru moyoni.

"Nimekuelewa," alisema. "Kwetu pia kuna mambo yetu. Lakini mimi naona mkono tu. Miguu yake imekaa sawa au kaikunja? Mgongo umeegemea? Akibadilika rangi, akilegea mdomo, nani atamwona? Wewe huoni, mimi sioni. Mkono hauumwi peke yake, Sostenes. Siwezi kukupa alama kwa mkono."

Alisema kweli tupu, na Sostenes alijua. Ndivyo alivyofundishwa: kabla hujagusa mashine, mtazame mtu. Aliangalia pazia, akaangalia simu. Aliufikiria mwaka mzima wa kiti cha gari bovu, na koti jeupe alilokwisha kushonewa na Penina, lililotundikwa kabatini likisubiri. Moyo ulimuuma sana. Lakini kumfunulia pazia mama wa watu, aliyekuja kumsaidia, ili tu yeye apate cheti? Hapana.

"Basi madamu, niandikie nimeshindwa," alisema. "Nitarudia mwaka. Siwezi kumvunjia heshima."

Akainama kuukusanya mkanda wa mashine.

"Sostenes."

Hakuwa Penina. Ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye lafudhi ya Haneti, ambayo miaka yote ya ndoa yake aliisikia kwa mbali tu, ikiimba au ikigombeza kuku. Haikuwahi kumwita jina. Alisimama palepale ameshika mkanda.

"Sikiliza, baba," Bibi Ruthu alisema. "Kule kwetu zahanati ipo. Mhudumu wake kamuoa binti wa dada yangu. Kwa hiyo ni mkwe wa dada yangu, ni mkwe wangu, ni mkwe wa kina mama wote wa ukoo. Tangu aletwe pale, sisi hatukanyagi. Kichwa kinanigonga tangu wakati wa kupalilia. Nakunywa mwarobaini, nalala. Nikajiona mwanamke mwenye adabu."

Kichanga kilikohoa, Penina akakituliza.

"Sasa nakusikia na wewe unaacha kazi kwa ajili yangu. Ukivaa hilo koti, watakuja wakwe zako wangapi? Utamwambia kila mmoja atoe mkono dirishani? Mimi leo sikukaa hapa kama mkweo. Nimekaa kama mgonjwa. Hili pazia unafungua wewe au nifungue mimi?"

Sostenes aliuweka mkanda mezani, lakini pazia hakuligusa. Basi ule mkono wenye bangili ukashika pazia na kulivuta wenyewe.

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amekaa wima, kanga imeshuka mabegani. Macho yalikuwa ya Penina kabisa, yale yale makubwa ya kudadisi, ila yamezungukwa na mikunjo. Sostenes aliinamisha kichwa, kisha akajikaza, akakiinua na kumtazama mgonjwa wake kama inavyopasa. Bibi Ruthu naye alimtazama juu hadi chini.

"Kumbe una mvi," alisema.

Penina aliangua kicheko mpaka mtoto akashtuka. Hata kwenye simu pakasikika mtu akikohoa kwa namna ya kuficha jambo.

"Haya," alisema Madamu Dorothea. "Anza upya. Usikimbie."

Akaanza upya. Alinawa tena, akaamkia, akaitikiwa na mwenyewe. Aliuliza jina, akaambiwa. Alimweka miguu chini, akamwegemeza mgongo, akamwomba akae kimya kidogo mwili utulie, maana wote wawili walihitaji. Mkanda aliufunga kwenye ngozi, akapampu, akashusha taratibu huku akisikiliza. Namba aliyoiona haikumpendeza. Hakukunja uso. Alisubiri, akapima mara ya pili, ikashuka kidogo tu.

"Mama, presha yako iko juu," alisema kwa upole. "Mia sabini na mbili kwa mia moja. Hicho kichwa hakikugongi bure. Je, macho yanaona vizuri? Kifua hakibani? Mkono au mguu haufi ganzi?"

Alijibiwa swali moja baada ya jingine, macho kwa macho. Hapakuwa na dalili nyingine.

"Sasa utafanya nini?" Madamu Dorothea aliuliza.

"Kumpa dawa si kazi yangu, madamu. Nampeleka kwa tabibu. Leo hii, si kesho."

"Nenda naye," alisema mkufunzi. "Umefaulu. Na mama, ahsante sana."

Sostenes alitamani kurukaruka. Alijizuia kwa sababu mkwe alikuwa anaangalia, kisha akakumbuka kwamba mkwe tayari kaangalia kila kitu, akarukaruka.

Huko hospitali Bibi Ruthu alipewa vidonge na kuelekezwa chumvi ya kupunguza. Jioni hiyo alirudisha kanga usoni na kurudi chumba cha uani, mambo yakawa kama zamani, isipokuwa kila asubuhi alipotoka kupimwa na Sostenes. Alipopona kichwa na mzazi kupata nguvu, akapanda basi akarudi kwao. Cheti kilifika, koti likatoka kabatini, na Sostenes akaanza kazi kwenye zahanati ya mtaani akiwa na furaha isiyofichika. Alisalimia wagonjwa hata waliokwisha kusalimiwa.

Haikupita muda, asubuhi moja mwenzake wa kazini, nesi Evelina, alimfuata chumba cha vipimo akiwa na uso wa mtu asiyeelewa alichokiona.

"Njoo uone bibi zako," alisema. "Wameshuka na basi la Haneti. Wote wamejifunika na kugeukia ukuta, wanasema wamekuja kupimwa na mkwe."

Sostenes alichungulia. Kwenye benchi la wagonjwa walikaa wanawake wazee, wamewapa mgongo watu wote, kanga zimewafunika kichwa kizima. Wagonjwa wengine waliwashangaa. Mwisho wa benchi alikuwa Bibi Ruthu, na yeye peke yake alikuwa amekaa kama watu, uso wazi.

"Mbukwenyi," Sostenes aliwaamkia kwa lugha yao.

Benchi lote likaitikia ukutani.

"Geukeni," Bibi Ruthu aliwaambia. "Mimi nilimwona, na nimerudi mzima."

Mkubwa wao, dada yake Bibi Ruthu, ndiye aliyegeuka wa kwanza. Aliishusha kanga polepole, kwanza paji, kisha macho, kisha uso wote, akakazia macho vidole vyake kwa aibu. Sostenes alimpokea kwa mikono miwili, akampeleka ndani, akamkalisha, akamuuliza yote ya kuuliza. Alimwacha atulie kwanza. Alipompima, presha ilikuwa nzuri, akamwambia hivyo. Mama mkubwa akashusha pumzi.

Hakuinuka. Alikaa akiutazama mkanda uliolazwa mezani.

"Huyu mhudumu wa zahanati ya kwetu," alisema, "aliyemuoa binti yangu. Naye anajua kupima hivi?"

"Anajua kuliko mimi, mama. Kaanza zamani."

"Na akipima, anauliza taratibu kama wewe?"

"Ndivyo tulivyofundishwa wote."

Mama mkubwa akajifunga kanga kiunoni, akasimama.

"Basi kesho nitamwendea," alisema. "Maskini, binti yangu ananiambia tangu aletwe pale hajawahi kumwona hata mmoja wetu, anadhani tunamchukia."