Tunzo ya Simai Mgema

Mkadam alikuja nyumbani kwetu Kajificheni na ratili nzima ya sukari, kaifunga kwenye gazeti. Mwaka ule wa sabini na moja sukari ukiipangia foleni tangu alfajiri na ukarudi na mkoba mtupu. Kwa hiyo mtu akikubishia hodi na ratili mkononi, anacheka mpaka magego yanaonekana, ujue ana lake. Nikaipokea, maana sukari haina kosa, nikamwambia, "Karibu, Bwana Mkadam. Shaame hayupo." Nilitaka ageuze njia. Shaame akaitika kutoka chumbani, "Nipo."

Huyo ndiye mume wangu. Hata kunisaidia kusema uongo hawezi.

Mkadam alikuwa katibu wa klabu yetu ya taarabu, na Shaame ndiye aliyekuwa mwimbaji wao. Akakaa, akanywa kahawa yangu, akamsifu mwenzangu kwa kuacha ulevi, akasema klabu nzima inajivunia. Kisha akalitoa. Jumapili kuna mkutano Fumba, wa kupinga ulevi. Bwana mkubwa mmoja wa serikali anakuja kuhutubia. Klabu imetakiwa ikapige, na wimbo unaotakiwa ni "Ukinita".

"Hapana," nikasema.

"Nazungumza na Shaame, Bi Kidawa."

"Na mie nakujibu."

Lazima niueleze wimbo huo, maana mjini kila mtu alijitia kuujua na hakuna aliyeujua. Ulikuwa unakwenda hivi:

*Ukinita huja hima, hata usiku wa mvua,*
*Ndugu zangu wanisema, wewe ndiwe wanijua.*

Watu wote wakiamini ni wa mwanamke. Wanawake wakiinuka kumtunza Shaame kwa noti huku wanakatana macho, kila mmoja anajiona ndiye anayeitwa. Wapo waliokuja kunipa pole, ati mumeo ana hawara Fumba. Laiti angekuwa hawara. Hawara ningemfuata kwake nikamtoa nje kwa maneno tu. Aliyekuwa akimwita Shaame usiku wa mvua ni tembo la mnazi. Wimbo ule aliutunga Fumba, kwenye minazi ya Simai mgema, kata ya kifuu mkononi, siku zile akitoka nyumbani kwenda kununua samaki akarudi wiki ya pili bila samaki na bila kofia.

Mama yake alikufa katika siku kama hizo. Maiti imeoshwa, imekafiniwa, imewekwa, inamngoja mtoto wake wa pekee aje ashuke kaburini kumpokea. Tulituma watu wawili kumtafuta. Walimkuta kwa Simai, kalala, hatikisiki. Mama mtu akapokewa kaburini na watoto wa jirani. Shaame alipozinduka akaambiwa mama yako tushamzika, na tangu siku ile hakugusa. Sasa ulikuwa mwaka wa pili. Nami nilimwambia mbele ya kaka yangu: ukirudia, mie nakwenda zangu kwetu Jambiani, na safari hiyo usinifuate, kwa sababu sirudi.

Haya. Leo anakuja mtu na ratili ya sukari anataka Shaame akausimamishe tena wimbo ule, na palepale Fumba.

"Nani atawafaa wale watu," Mkadam akasema, "kama si mtu aliyekunywa na akaacha?"

"Basi asimame aseme. Mdomo anao. Kwa nini aimbe?"

"Hotuba hawasikilizi. Mwenzako akiimba watasikiliza."

"Wimbo ule haukatazi ulevi, Bwana Mkadam. Unaubembeleza. Wewe una masikio kweli?"

Shaame alikuwa kainama, anafuta nyuzi za udi wake kwa kitambaa, udi ambao hauna hata vumbi. Akasema nshatia ubeti mpya wa mwisho, wa kulaani. Nikamwambia mpaka ukifika huo ubeti wa mwisho watu watakuwa wameshalewa kwa ule wa mwanzo. Mkadam akacheka. Sikuwa nafanya mzaha.

Alipoondoka ndipo tukawakiana moto. Nilimwambia yote, na sikuteua maneno. Nikamwambia huna haya, kaburi la mama yako halijaota nyasi sawasawa. Akaningoja nikamaliza, kisha akasema, "Kidawa, nyimbo zangu zote nzuri nilizitunga nikinywa. Nikiziacha zote, nnabaki na nini?"

"Unabaki hai."

"Na wale wa Fumba? Wao wasibaki hai?"

Hapo alinishika kidogo, sikatai. Tena akapata watetezi. Mwatima, shoga yangu wa nyumba ya pili, alikuja akanishika mikono. Mumewe Hasan alikuwa mlevi wa kutambaa, na mwenyewe alishasema kwamba duniani hamsikilizi mtu ila Shaame. "Muache aimbe, mwenzangu," Mwatima akanambia, na machozi yanamtoka. "Atakwenda Hasan, atasikia, huenda Mungu akamfungua." Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Nikajiona mie ndiye mbaya wa mtaa, mie ninayetaka waume za watu wafe ili wangu asalimike. Nikasema potelea mbali, aimbe. Lakini nami nakwenda, na nakaa mbele.

Tulikwenda kwa lori la klabu. Mkutano ulikuwa uwanja wa skuli, baada ya sala ya alasiri, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Bwana mkubwa akahutubia, na alihutubia hasa, mpaka watoto wakasinzia. Wanaume wa Fumba walimtazama kama wanavyotazama mvua, wanangoja ipite. Nilimwona Hasan mstari wa nyuma, kanyoa ndevu, kavaa kanzu safi. Mwatima akanibinya paja kwa furaha.

Kisha Mjaka wa klabu yetu akaanza na fidla yake, na uwanja mzima ukaamka.

Nakuambieni kweli, Shaame aliimba vizuri. Hilo ndilo lililonitia hofu. Tangu aache tembo alikuwa akiimba kama anasoma barua ya mtu mwingine, sauti nzuri, kazi safi, basi. Siku ile alifumba macho kwenye "Ukinita" na ile sauti yake ya zamani ikatoka, ile niliyokuwa nikiijua, iliyokuwa ikinifikia uani nikajua leo harudi mzima. Watu wakaanza kuinuka kumtunza. Wa kwetu hawaongopi katika jambo hili: wimbo ukikuchoma unasimama, unakwenda taratibu huku unayumba na ngoma, unampa mwimbaji ulichonacho, noti au ua la asumini au leso. Na mwimbaji anapokea. Kukataa tunzo ya mtu mbele ya watu ni sawa na kumtemea mate usoni.

Basi Simai mgema naye akaja kutunza.

Mkutano hakuuhudhuria, hata habari hakuwa nayo. Alikuwa juu ya mnazi wake anagema la jioni, akausikia wimbo kwa mbali, akateremka akaja vilevile, kisu kiunoni, kibuyu begani, kifua wazi. Wimbo ule ulitungwa kwake. Miaka yote alijua unamsifu yeye na tembo lake, na nani aliyewahi kumwambia vingine? Uso umemwiva kwa furaha. Akamimina kata ikajaa povu, akaiinua juu ya kichwa, akaja akicheza katikati ya uwanja mpaka mbele ya Shaame. Alileta kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Watu wakaangua kicheko. Na yule bwana mkubwa, wallahi, akapiga makofi. Alidhani ni mchezo wa kuigiza, klabu imeuandaa. Mkadam alikuwa kasimama pembeni yake, na badala ya kwenda kumtoa Simai, naye akapiga makofi, kwa kuwa mkubwa kapiga.

Shaame akafumbua macho. Akaiona kata. Akauweka udi magotini na akaipokea kwa mikono miwili.

Nikasema moyoni ataiweka chini. Angeiweka chini tu, hakuna ambaye angemlaumu. Hakuiweka. Aliishika kifuani, Mjaka anaendelea na fidla, na akaimba akiitazama ile kata. Akaiambia, wewe ndiwe wanijua. Mie nimeolewa na mtu huyu tangu kifua changu hakijakaa sawa, nimemfulia matapishi, nimempikia uji, nimemshika kichwa akiweweseka siku alizokuwa anaacha, na sijawahi kuimbiwa vile hata siku moja. Ukafika wakati wa ubeti wake mpya, ule wa kulaani. Hakuuimba. Akarudi kwenye ule wa kwanza.

Mkono wake wenye kata ukaanza kupanda mdomoni.

Nilisimama. Mwatima akanivuta kanga, nikamwachia kanga. Nilivuka uwanja, sichezi, siyumbi, natembea kama nakwenda kumtoa mtoto barabarani. Watu wakadhani nakwenda kutunza, wakapiga vigelegele. Nikaichukua ile kata mikononi mwake, na haikutoka kwa urahisi, ilibidi nimbandue vidole. Nilikuwa nataka kuimwaga. Lakini Simai alikuwa hapohapo, anatabasamu, kibuyu kimejaa, na nikajua nikiimwaga hii Shaame atamiminiwa nyingine, na nikiimwaga ya pili atamiminiwa ya tatu, na wote wale watacheka. Hasira ikanifunga macho. Nilitaka Shaame anitazame mimi kama alivyokuwa anaitazama ile kata.

Nikainywa. Yote, mpaka povu, mbele ya Fumba nzima, mbele ya serikali, mie binti wa mwalimu wa Kurani chuoni ambaye sijawahi hata kuilamba.

Fidla ilinyamaza. Nikamrudishia Simai kata yake. "Tunzo imepokelewa," nikamwambia. "Sasa nenda kwenye minazi yako."

Maskini alikwenda, hajaelewa hata kosa lake. Na wanaume wakaanza kuinuka mmoja mmoja na kumfuata, koo zimewakauka kwa wimbo. Wa kwanza kumfuata alikuwa Hasan, na kanzu yake safi. Mwatima alimwita kwa jina mara mbili, hakugeuka.

Kwenye lori hakuna mwanamke aliyekubali kukaa ubavuni kwangu. Mwatima mwenyewe alinipa mgongo, kana kwamba mumewe nimemlevya mimi. Mmoja akasema kwa sauti, nisikie, kwamba sasa tumejua nani alikuwa anamfundisha mwenzake. Mwingine akasema baba yangu huko kaburini leo halali. Mkadam akatamka kwamba klabu itabidi ikutane kulizungumza suala la Bi Kidawa. Suala langu. Nilikuwa na majibu ya kuwatosha wote, mpaka ya kubakisha, lakini kichwa kilikuwa kinanizunguka na nilichelea kutapika. Shaame alikaa mbele yangu, udi mapajani, anatazama barabara.

Tulipofika nilikoga, nikasukutua mpaka fizi zikauma, nikaomba tauba nikalia. Kisha nikatoka uani, Shaame kakaa juu ya kinu, nikamwambia kila nililolibana kwenye lori. Nikamwambia jina langu limekwisha Unguja hii. Nikamwambia vidole vyako nimevibandua kimoja kimoja, usinambie ulikuwa hutaki. Hakunambia. Na hakunywa, hilo nalo ni kweli, mdomo wake haukufika. Kwa hiyo hata Jambiani sikuwa na sababu ya kwenda. Nikachoka kusema, nikakaa chini.

Akanigeukia. Tangu Fumba ndiyo mara ya kwanza kunitazama sawasawa. Nikajua sasa ataniomba radhi, na nilikuwa tayari kumsamehe, Mungu ananijua.

"Kidawa," akasema, taratibu. "Lilikuwa tamu, au lilishaanza kuwa kali?"

Nilimtazama. Alikuwa anangoja jibu, kasogea mbele, midomo imefunguka kidogo.

Lilikuwa tamu. Sijaonja kitu kitamu vile, na hilo sijamwambia mtu.

"Lilikuwa limechacha," nikasema. "Limeoza. Linanuka."

Akatikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Usimsingizie Simai. Tembo lake halijawahi kuchacha hata siku moja."

Watu walinitukana kutoka Fumba mpaka Kajificheni, yeye kakaa mbele yangu anasikia, na hakufungua mdomo. Tembo alilitetea.