Wimbo wa Mwenye Jenereta

Pasta Patient alikataa kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomkera Katungu zaidi.

"Mama Aline, pole tena, pole sana. Lakini ile muziki ya baa, kwenye mazishi? Watu watasemaje?"

"Ni wimbo wa mume wangu, Pasta. Ameutunga yeye, na santuri yake tunayo."

"Najua ujanani alikuwa na bendi. Kila mtu alikuwa na mambo yake kabla ya kumjua Bwana." Akacheka kidogo kwenye simu. "Sikia. Kuimba ndani kumekatazwa, sheria za sasa unazijua, lakini kupiga wimbo uliorekodiwa tunaruhusiwa. Tutapiga 'Mwenye Huruma'. Papa Kalume aliupenda mno ule. Kila tukiuimba namwona anatikisa mguu."

Katungu aliishusha simu kutoka sikioni akaitazama kama vile ndiyo iliyosema. Kisha akairudisha.

"Sawa, Pasta," akasema. "Pigeni huo."

Binti yake Aline alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kikombe mkononi. Alikuwa amesikia yote. "Mum! Why didn't you tell him?"

"Nimwambie nini?"

"That it's the same song!"

Katungu aligeuka akaendelea kukatakata sombe, majani ya muhogo ambayo hakuna mgeni angekuja kuyala, maana mwezi ule wa Agosti, mwaka wa pili wa korona, mtaa wao wa Seven Hills ulikuwa umefungwa, na hata msiba haukuruhusiwa kuingiza wageni ndani ya nyumba. Kalume alikuwa amefia hospitalini, moyo ukiwa umechoka, na waombolezaji walikuwa ndani ya simu.

Ulikuwa wimbo uleule kweli. Ila hadithi yake ilikuwa ndefu, na kwa muda mrefu walioijua yote hapa Sydney walikuwa watu wawili na mtoto wao.

Zamani hizo Butembo, mashariki mwa Kongo, kila bendi ilipiga rumba. Kalume na wenzake walitaka rock. Walishonesha suruali pana chini, wakafuga nywele, wakaliita kundi lao Radi, na wazazi wao wakaona haya kupita nao barabarani. Walipiga katika baa ya mama mmoja aitwaye Verdiane, mwenye jenereta pekee katika mtaa ule. Mama Verdiane alikuwa mkali kwa mazutu yake, dizeli ya hiyo jenereta. Saa yake ikifika, alizima, hata kama mtu yuko katikati ya kucheza. Siku moja alizima Kalume akiwa ndiyo kwanza ameanza kupiga peke yake. Gitaa likafa mikononi mwake. Zikabaki ngoma za mwenzake Bizimana na giza. Basi Kalume akaanza kumwimbia yule mama palepale, kwa utani, akitunga huku anaimba:

*Mwenye jenereta, rudisha moto wako,*
*gitaa limenyamaza, vijana wanalia.*

Watu wakaitikia. Wakapiga makofi, wakapiga meza, mpaka Mama Verdiane mwenyewe akashindwa na kicheko, akawasha. Walipopata mfadhili wa kuwapeleka Nairobi kurekodi santuri, ndio wimbo waliouchagua. Mwaka ule hapakuwa na harusi Butembo, Beni wala Goma iliyomalizika bila wimbo huo. Madereva wa malori waliupeleka Bunia na Kisangani. Bendi ilivunjika, kama zinavyovunjika, lakini wimbo haukuwahi kungoja bendi. Watoto waliozaliwa baadaye waliuimba umeme ukikatika, bila kujua umetoka wapi.

Halafu vita, halafu kambi ya wakimbizi Uganda. Na huko, asubuhi moja, wamepanga foleni ya unga, kwaya ikawa inafanya mazoezi chini ya turubai:

*Mwenye huruma, rudisha uso wako,*
*moyo umenyamaza, watoto wanalia.*

Katungu alikumbuka jinsi Kalume alivyotoka kwenye foleni, akasimama na gunia tupu begani, mdomo wazi. Katungu yeye alikasirika. "Wamekuibia!"

"Wameniibia nini? Vidole si ninavyo?" Kalume alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Sikiliza, mke wangu. Sikiliza wanavyopandisha pale! Sisi hatukuweza kupandisha hivyo."

Wimbo ukawatangulia mpaka Australia. Jumapili yao ya kwanza, katika ukumbi wa kukodi wa kanisa la Wakongomani, waliusikia tena, na kuanzia hapo haukukosekana. Kalume, aliyekuwa akishinda ghalani akipanga maboksi, alipewa gitaa la kwaya. Na siku moja Pasta Patient, kijana aliyezaliwa wimbo ukiwa tayari mtu mzima, alimsimamisha katikati ya mazoezi akamwambia, "Papa, hapo bado hujaushika vizuri. Nifuate mimi."

Kalume akamfuata. Walipofika nyumbani alijitupa kwenye kochi akacheka mpaka Katungu akakihofia kifua chake.

"Kwa nini usiseme?"

"Nikisema, watauacha. Watasema ni wimbo wa pombe. Acha waimbe, Katungu. Bendi ngapi za wakati wetu zinaimbwa mpaka leo?"

Ndiyo maana Katungu hakumwambia Pasta kwenye simu. Alitaka jambo moja tu: Kalume asizikwe kama mzee wa ghalani aliyekuwa akitikisa mguu kanisani. Alitaka lisemwe mbele ya watu kwamba ule wimbo ni wake. Lakini akilisema, na wimbo ukafutwa kanisani, si atakuwa amemzika nao? Alilala na swali hilo, akaamka nalo, akavaa nalo kitenge cheusi.

Kanisa dogo la makaburini, karibu na Lidcombe, lilikuwa na viti vichache vilivyotenganishwa kama vimegombana. Watu kumi, ndiyo ruhusa. Barakoa usoni, mikono ina harufu ya dawa. Ukutani palikuwa na kioo kikubwa cha video, na ndani yake nyuso: Butembo, Kampala, Oslo, Brisbane, wengine Penrith tu hapo ambao zamani wangefika kwa treni. Aline alikaa pembeni na kompyuta, akiwafungia sauti waliosahau redio na watoto.

Bizimana, mpiga ngoma wa Radi, alikuwa Kampala, na kilichoonekana kwake ni kipaji cha uso na nusu ya feni. "Mnanisikia?" aliuliza mara nyingi. "Hamnisikii. Hawa hawanisikii."

"Tunakusikia, babu," Aline akamwambia, akamfungia sauti.

Pasta alihubiri vizuri. Alimsifu marehemu kwa unyenyekevu na kwa kuwahi mazoezi. Katungu alisikiliza, na kila sifa ilikuwa ya kweli, na kila moja ilipita kando ya mtu aliyemjua.

Kisha wimbo ukapigwa. Kwaya iliyorekodiwa ikaanza, sauti za akina mama juu, taratibu. *Mwenye huruma, rudisha uso wako.* Watu kumi wakainamisha vichwa, midomo imefungwa kama sheria ilivyotaka.

Na kutoka ukutani, ikichelewa nusu mstari, sauti nzito ya kizee ikaingia:

"Mwenye jenereta! Rudisha moto wako!"

Bizimana alikuwa amejifungulia sauti. Sasa uso wote ulionekana, macho yamefumbwa, na alikuwa anapiga meza kwa viganja. Mtu mmoja Butembo akamwitikia. Mama mmoja Oslo akajifungulia naye, akaimba jenereta kwa sauti safi kabisa, mkono juu. Wakaingia wengine. Kila mmoja alikuwa na mwendo wake, mtandao unawavuta huku na huku, na maneno yalikuwa yale ya baa, yote, hata ubeti wa mazutu.

Pasta Patient aligeuka akatazama ukuta, akamtazama Aline, akachora mstari hewani kwa kidole: funga.

Aline akashika kitufe, hakubonyeza. Alimgeukia mama yake.

"Mum. Nimu-mute?"

Watu wote wakamtazama Katungu. Yeye aliyekaa viti vya nyuma miaka yote, ambaye hata matangazo ya akina mama alimpa mwenzake ayasome.

"Acha," akasema.

Akasimama. Miguu ilimfikisha mbele kabla moyo haujakubali. Pasta akampisha kipaza sauti, pengine kwa mshangao tu. Ukutani waliona amesimama, wakanyamaza mmoja mmoja, Bizimana wa mwisho.

"Hawajakosea," Katungu akasema. "Hivyo ndivyo ulivyotungwa. Ni wimbo wa kumwomba mama mwenye baa awashe jenereta. Aliutunga Kalume, huyu hapa. Gitaa lilipozimwa, aliendelea kwa mdomo. Huu mnaouimba kila Jumapili, ni wake. Alikaa nao humu kanisani kimya, akiogopa mtauacha." Akawageukia walio vitini. "Sasa mkitaka kuuacha, uacheni. Lakini mjue mnauacha wa nani."

Pasta Patient alitoa miwani iliyojaa ukungu wa barakoa, akaifuta polepole. Alipoivaa tena macho yalikuwa mekundu.

"Mimi nilimwambia hajaushika vizuri," akasema, si kwa kipaza sauti.

"Ulimwambia," Katungu akasema.

"Na akanifuata!"

"Alikufuata. Alisema unapiga vizuri, ila unakimbia."

Mtu akacheka chini ya barakoa, kisha mwingine, na Pasta mwenyewe mabega yakamtikisika. Alipotulia alimtazama Katungu kwa heshima ambayo hakuwa nayo kwenye simu. "Kuuacha? Mama, nitawaambia nini hawa watu? Tangu kambini huo ndio umetushika mkono. Hatuwezi. Tutauimba, na kila mara nitasema ni wa nani." Akamgeukia Aline. "Ile santuri yenyewe, unayo?"

Aline alikuwa nayo kwenye simu. Ikapigwa. Ilikwaruza kidogo, halafu gitaa likaingia, kali, la haraka, halina adabu, na juu yake sauti ya Kalume kijana, iliyojaa kicheko. Mtu wa makaburini aliyekuwa mlangoni kuwahimiza juu ya muda akabaki amesimama, kichwa kinamtikisika chenyewe. Humu ndani hakuna aliyeimba. Ukuta uliimba kwa niaba yao.

Katungu hakukaa. Alisimama kando ya jeneza, mgongo umenyooka, kama mtu anayepokea pongezi za wageni kwa niaba ya mwenyeji. Wimbo ulipokwisha alijivuta tena kwenye kipaza sauti.

"Aliyeimba na kupiga gitaa ni Kalume," akasema.

"Na ngoma?" Bizimana akadakia kutoka Kampala. "Katungu! Ngoma nani? Sema na ngoma!"

"Ngoma, Bizimana."

"Haya!" akasema Bizimana, akapiga meza.

Katungu akawataja na wengine wa Radi, mmoja baada ya mwingine, walio hai na waliokufa, bila haraka, na huko ukutani kila jina lilipotajwa alitokea mtu wa kuliitikia.