Tusi la Ukurasa wa Tisa

Fundi cherehani aliingia darasani bila hodi, futi ya kupimia ingali shingoni, riwaya mkononi.

“Mwalimu, salamu baadaye. Hiki kitabu kina tusi moja, linaanzia ukurasa wa tisa, na linarudiwa mara arobaini na moja. Nimehesabu! Na sasa binti yangu anaitwa hivyo hivyo pale bombani, kisa rangi yake. Kiondolewe darasani mpaka watoto wakue kidogo!”

Mwalimu wa fasihi aliiweka chaki mezani. Miaka kumi na miwili alikuwa akisomesha riwaya hiyo kongwe ya dereva wa treni aliyenyimwa maji ya kunywa stesheni kwa kuwa ni mweusi. Aliipenda mno. Hakuwahi kufikiri kwamba tusi lingetoka kurasani na kumfuata mtoto.

“Ni kweli?” aliwauliza wanafunzi.

Darasa zima likatazama madawati. Kisha binti wa fundi akasimama.

“Ni kweli, Mwalimu. Lakini Baba, mbona hukuniuliza? Mimi sitaki kiondolewe.”

“Hutaki? Si juzi ulilia?”

“Nililia, ndiyo. Ila kabla ya kitabu walikuwa wakiniita mkaa. Kikiondoka watarudi kwenye mkaa. Humu angalau kuna mtu anayejibu! Pale dereva anapogoma kuiondoa treni mpaka apewe maji, nimepasoma mara tatu.”

“Yeye anajibu, mkewe je?” akadakia msichana wa miwani aliyekaa dirishani. “Kitabu kizima hasemi hata neno moja! Mwandishi mwenyewe si mweusi, anawaonea huruma tu. Tusome kitabu cha mtu aliyeyaonja madhila hayo mwenyewe.”

Hapo darasa likalipuka. Huyu anasema kibaki, yule kitupwe, watatu wanasema kwa mpigo. Mwalimu moyo ulimwenda mbio kwa furaha. Hata wale wasinziaji wa siku zote walikuwa wakifunua kurasa kutafuta ushahidi. Mara mkono mkubwa ukainuka kule nyuma.

“Mwalimu, naomba kusema!” Alikuwa fundi, sasa amejibana kwenye dawati la mwisho.

“Sema, mwanafunzi,” akajibu mwalimu, na watoto wakaangua kicheko.

“Huyo mke kweli hasemi, lakini ndiye aliyeficha ufunguo wa treni ili asiiendeshe mwingine! Au hamkufika huko?”

Kengele ililia. Hakuna aliyetoka. Badala yake akasimama mchekeshaji wao, waliyemwita Spika, safari hii bila utani usoni.

“Mimi ndiye niliyemwita vile. Nilidhani likiwa kitabuni basi ni ruhusa.” Akamgeukia binti wa fundi. “Nisamehe.”

“Nimekusikia,” akasema binti. “Kusamehe, ngoja kwanza.”

“Na mimi nina kosa,” alisema mwalimu. “Niliwafungulia ukurasa wa kwanza bila kuwaeleza neno hilo lilimfanya nini mtu. Riwaya inabaki. Tusi hatulisomi kwa sauti. Na kitabu cha pili mtakichagua ninyi, cha mtu aliyeyaonja.”

“Mimi bado nasema wakisome wakikua kidogo,” fundi akashikilia.

“Basi njoo Alhamisi uyatetee hayo.”

“Nitafunga duka nije!”

Nje ya madirisha, darasa la jirani lilikuwa limejazana, shingo zimerefuka, wakigongana kuchungulia.

“Mwalimu!” mmoja akapaza sauti. “Na sisi zamu yetu lini?”