Mkono wa Heshima

Kazi ya Phelista kule maabara ya Kitale ilikuwa kutazama panya wakishika ukuta. Panya walidungwa sindano upande mmoja wa ubongo, wakapata ugonjwa wa Parkinson kama wa binadamu, kisha mmoja mmoja akatiwa ndani ya chupa pana ya kioo. Panya na udadisi wake, lazima asimame apapase kioo. Mzima hupapasa kwa miguu yote miwili ya mbele. Mgonjwa hutumia mmoja, wa pili unaning'inia kama mkono wa shati.

Baba yake, Mzee Wakoli, fundi wa plasta kule Bungoma, alikuwa na ugonjwa huohuo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekataa kazi. Basi maabara ilipoanza kuwanywesha panya maji ya gome la mti wa dawa kutoka Kapsokwony, Phelista hakungoja matokeo. Aliiba chupa moja ya maji hayo, kisha nyingine, akawa anampelekea kila Jumamosi. Ni makosa, ndiyo. Lakini uchungu wa kumwona mzazi akiumwa haujui sheria.

Jumamosi moja mzee alimlaki mlangoni, akampa mkono wa kulia! Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kiwiko cha ule wa kulia, vile mtu humsalimu mkubwa wake. Mzazi hamsalimu mtoto hivyo. Phelista akaona haya, akadhani baba anamheshimu kwa sababu ya dawa. Alirudi Kitale akiimba.

Matokeo yalipotoka, hakuna panya aliyepata nafuu. Phelista akabisha mpaka sauti ikapanda.

"Lakini mimi najua mtu amepona, daktari! Ananisalimia na mkono."

Daktari Kipkirui, mkuu wa maabara, hakuuliza ni mtu gani. "Mtu anaweza kukuficha, Phelista. Panya haina heshima. Inaonyesha tu kitu iko."

Phelista akaikumbuka ile salamu. Kile kiwiko!

Jumamosi ilipofika alimsimamisha baba mbele ya ukuta wa sebule, ukuta alioupiga plasta mwenyewe, laini mpaka leo.

"Baba, shika hapo juu. Ule wa kushoto weka mfukoni."

Mzee alimtazama, akautia mfukoni. Bega la kulia likajikaza, jasho likamtoka. Mkono haukupanda. Ulitetemeka tu pale pajani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana, mama. Ningekunyima aje?"

Phelista akalia waziwazi. Akamwambia dawa haifanyi kazi, hata kwa panya, na hakuna nyingine.

"Nilijua tangu ile chupa ya kwanza," mzee akasema. "Lakini wewe endelea kuleta tu."

"Ya nini, baba, na ni chungu hivyo?"

"Si kabla ya dawa ulikuwa unakuja Krismasi peke yake?"

Phelista alikishika kile kiganja cha kulia kwa mikono yake yote miwili, akasema ataleta. Kiganja hakikumshika.