Uwanja Uliomwagiwa Maji

Philemon alipochomeka vigingi vyake vinne vya chuma katika uwanja wa shule ile karibu na Lubao, aliomba kitu kimoja tu: namba ndogo. Mashine yake ya kupima udongo ingepitisha umeme kidogo ardhini. Namba ikiwa ndogo, udongo unameza umeme vizuri, na nondo moja ya shaba ingetosha kuteremsha radi mbali na madarasa. Ikiwa kubwa, nondo moja ni pambo. Naye alikuwa na moja tu.

Mwaka uliotangulia, 1996, radi ilimuua Titus, mtoto wa Awinja, akiwa darasani. Tangu hapo dada yake Titus, Quinter, alikuwa hajakanyaga shule. Leo mama yake alikuwa amemleta, akamkalisha barazani wasubiri mashine iseme.

Mshale wa mashine ukasimama kwenye sitini. Philemon nusura arushe kofia juu.

"Iko sawa! Moja inatosha!"

Wazazi wakapiga vigelegele. Quinter akajifuta machozi, akaingia darasani na mkoba wake.

Ndipo mwalimu mkuu, Mideva, akimmiminia Philemon chai, alipojisifu. "Fundi, tulijua unakuja. Tangu juzi tunamwagianga uwanja maji, usikanyage vumbi. Mama Titus peke yake amebeba mitungi kumi na mbili kutoka mtoni."

Philemon akatua kikombe. Jua lote hili la Januari, na vigingi viliingia kama kisu kwenye obusuma, ugali wa kwao, naye hakujiuliza! Maji hayo ndiyo yaliyoishusha namba; yakikauka, itapanda. Miaka tisa kazini, bure kabisa. Alitoka mbio na vifaa vyake hadi nje ya ua, mahali pasipomwagiwa tone, akagonga nyundo mpaka kiganja kikavimba. Mshale ukapanda hadi mia tisa.

Angeweza kunyamaza. Gari lilikuwa linamngoja, na nani angejua kabla ya mvua za Machi? Wazo hilo lilimjia kweli, na aibu ikamshika.

Akamwita Awinja kando, akamweleza yote bila kuzunguka: nondo moja haitoshi, hana nyingine, wala hajui zitaletwa lini.

Awinja akaitazama mikono yake. "Kwa hivyo ni maji yangu yamekudanganya?"

"Ni mimi, mama. Ningeuliza kwanza."

Awinja akaingia darasani, akamshika Quinter. Mtoto akang'ang'ania dawati. "Mama, fundi amesema iko sawa! Amesema!"

Awinja akaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja.